Hewa ya Jumamosi

Kitale,
10 Novemba 2003

Mpendwa Mama Derrick,

Nisamehe kwa kukawia hivi. Hewani kwa redio tunaitana mara tatu kwa siku, lakini barua ya kukushukuru kwa shali uliyomtumia Wamboi alipozaliwa ndiyo naianza leo, na mtoto ana miezi saba. Nimeiandika kichwani mara nyingi nikinyonyesha. Nikishika kalamu anaamka. Sasa ana meno mawili, na anauma.

Miaka miwili tunaongea na sijawahi kukuona. Nakujua sauti tu. Najua unaita stesheni yetu "Kitare", na wewe unanicheka ati mimi nasema "Mbungoma". Kwa hivyo nakuandikia kama mtu ninayemjua.

Natuma kwa posta. Bahasha zikipita kwa gari la ofisi hufika zimefunguliwa, na hewani kila zahanati inasikiliza.

Kisa cha chanjo umekisikia. Jumatano tarehe 29 mwezi uliopita dereva wetu Kimeli alikuwa anapeleka chanjo ya surua Kacheliba, gari likavunjika springi kwenye mteremko wa Kongelai. Anasema aliniita kwa redio ya gari kutoka saa nne asubuhi mpaka saa saba, na sikujibu. Barafu iliyeyuka kwenye masanduku. Chanjo yote ikatupwa, na akina mama waliotembea tangu alfajiri na watoto mgongoni wakarudi bure. Hiyo foleni naiona kila nikifumba macho.

Kitabu changu cha redio kinasema hivi: Jumanne alasiri, hewa imekufa ghafla. Jumatano na Alhamisi, mchakacho mtupu, sauti zinakuja na kupotea. Bwana Muchiri, mkubwa wetu hapa ofisini, alikiweka mezani kando ya nakala ya kitabu chako, ile inayoletwa na gari lenu. Chako kinasema Jumanne hewa safi, Jumatano safi, Alhamisi safi. Akanitazama juu ya miwani.

"Mama Wamboi, hewa ya Bungoma na ya Kitale si ni hewa moja?"

Anaamini nilikuwa nje nikilea mtoto, halafu nikabuni hewa mbaya kwa kalamu. Wazee wa kamati watakaa Jumanne tarehe 25 kuamua. Wakimwamini yeye, mimi narudi Kipsongo kufulia watu nguo, na mgongo wangu bado unaikumbuka hiyo kazi.

Nakuuliza kama dada. Siku zile ulisikia nini? Na la pili, usikasirike: ni kweli binamu yako Viola anajifunza redio? Kimeli amemwona kwa kiti chako. Bungoma ina kiti kimoja tu, na Kitale pia kimoja.

Ni mimi,
Mwihaki, Mama Wamboi


Bungoma,
13 Novemba 2003

Mdogo wangu Mama Wamboi,

Mulembe. Barua imefika na doa katikati, sijui ni chai ama ni maziwa. Shali si kitu. Mtoto akue.

Sasa hiyo habari ya hewa. Niliandika safi, basi ni safi. Unataka niandike nini, ati mbingu zilianguka? Angalieni eriali yenu kwanza. Hiyo waya imefungwa kwa mti wa mgrevilea, na Kimeli mwenyewe ameniambia kuna wakati mnaanika nepi juu yake. Redio gani itasikia kupitia nepi, bana?

Viola anajifunza, ndiyo. Msichana amemaliza fomu foo, nimwache nyumbani akichunga kuku? Nani amekuambia ninataka kiti chako? Mimi Kitale nitafanya nini, kwa hiyo baridi yenu?

Na mimi nikuulize, kwa sababu umeanza. Ulikuwa umekaa kwa kiti Jumatano? Aliyekaa kwa kiti chake haulizi wengine walisikia nini. Kimeli anasema ameshawahi kuona mtoto nyuma ya stoo.

Tena, mbona posta? Miaka miwili hujaandika hata mstari, na siku kitabu chako kimeshikwa ndiyo siku unanikumbuka. Kama Bwana Muchiri ndiye amekukalia begani ili apate maneno kwa mkono wangu, mwambie nimejibu.

Nanyama


Kitale,
16 Novemba 2003

Dada Nanyama,

Hakuna aliyenikalia begani isipokuwa Wamboi, na yeye alikuwa akivuta nywele.

Nepi tuliondoa tangu mwezi wa nane. Na Bwana Muchiri alipandisha fundi juu ya mti, akasema waya ni mzima.

Nimesoma barua yako mara tatu. Umenijibu kuhusu nepi na kuku na baridi. Sasa nijibu hili moja. Kimeli aliita masaa matatu. Redio ya gari haichagui sikio. Akiniita mimi, na wewe unasikia. Kama hewa ilikuwa safi, basi ulimsikia. Kama ulimsikia, mbona ulinyamaza chanjo ikiharibika? Na kama hukumsikia, hewa haikuwa safi. Chagua, dada. Mimi siwezi kukuchagulia.

Wala si mimi peke yangu. Baba mkwe wangu yuko Kiminini, na hukosi kumkuta na redio yake ndogo sikioni, anatafuta taarifa za mbali. Mume wangu Thuo amekuwa huko akimsaidia kuvuna mahindi, ndiye aliyeniletea hii. Jumanne ile, saa nane na dakika chache, redio ya mzee ilikatika katikati ya neno. Akaipiga kofi. Akatoa betri akazianika juani juu ya bati ziamke, vile sisi sote hufanya. Siku zile zikawa hivyo, inaongea na kunyamaza, na mzee anaanika betri tu. Mpaka Jumamosi, inasema vizuri, anasikia kwenye habari kwamba ni jua lenyewe lililipuka likavuruga mawimbi ya redio. Mzee anacheka mpaka leo. "Mgonjwa nilimpeleka kwa yule yule aliyempiga!"

Nilimweleza Bwana Muchiri. Akasema, "Mlipuko Jumanne, chanjo Jumatano. Kwani jua lililala njiani?" Ofisi nzima ikacheka. Mimi niliishia darasa la nane.

Kwa hivyo nimemwandikia kaka yako, mwalimu Barasa wa Tongaren, yule ambaye hukosi kumsifu hewani ati anajua sayansi. Sikupitia kwako. Ukikasirika, kasirika.

Mwihaki


Tongaren,
19 Novemba 2003

Kwa Mama Wamboi,

Salamu nyingi. Nimefurahi kupata swali zuri kuliko yote niliyoulizwa darasani muhula huu. Jibu lako liko hapa, na mchoro mdogo nyuma ya karatasi.

Mawimbi ya redio zenu hayatambai chini, vilima vingeyazuia. Yanapanda juu kilomita mia mbili au tatu. Huko hewa ni nyembamba sana, na jua huipiga mpaka inashika umeme. Tabaka hilo hupinda mawimbi na kuyarudisha chini. Kwa hiyo wewe na dada yangu, ingawa ni majirani, huwa mnaongea kwa kupitia juu.

Jua lilituma vitu viwili. Cha kwanza ni mwanga mkali ambao macho hayauoni. Mwanga hutumia dakika nane tu kufika. Huo ndio uliopiga Jumanne saa nane mchana: uliijaza umeme sehemu ya chini ya tabaka, ikawa inameza mawimbi badala ya kuyapitisha. Baada ya muda ilitulia.

Cha pili ni upepo wa jua. Huo si upepo wa kupeperusha nguo. Ni chembechembe zenye umeme ambazo jua huzitoa kila siku, ila siku ile lilitoa wingu zima kwa mpigo. Upepo hutembea, na kwa kawaida huchukua siku mbili au tatu. Wingu hili lilikimbia, likafika Jumatano karibu saa tatu asubuhi yetu. Liliitikisa sumaku ya dunia, hewa ya juu ikapata joto, ikavimba, ikavurugika. Fikiria unajitazama kwenye maji ya sufuria. Yakitulia unajiona. Yakichemka uso wako uko hapo, lakini umevunjika vipande. Ndivyo sauti zenu zilivyokuwa mpaka kwenye Ijumaa.

Mwambie mkubwa wako: mwanga ulitangulia, upepo ukafuata. Jua halikulala njiani.

Dada yangu mwenyewe ni shahidi. Jumatano ile alinipigia simu shuleni akiuliza kama redio inaweza kufa taa zake zikiwa bado zinawaka. Jumamosi nilikwenda kuikagua nikaikuta nzima. Nilidhani atafurahi, lakini aliniacha niondoke bila hata kunipa chai. Labda alikuwa amechoka.

Wako,
Barasa


Kitale,
21 Novemba 2003

Mama Derrick,

Hii haiji kwa posta. Thuo anashuka Bungoma na mahindi, atakupa mkononi mwako.

Mwalimu amenijibu. Hakujua alichoniambia, usimgombeze. Najua sasa kwamba Jumatano redio yako ilikuwa imekufa kama yangu, na ulijua.

Jana Bwana Muchiri alinituma nitoe barua kwenye faili. Nakala yako ya wiki ile ilikuwa ndani. Juu ina muhuri wa kupokelewa, Alhamisi tarehe 30 Oktoba. Nikashuka na kidole. Jumatatu safi. Jumanne safi. Nikaendelea mpaka chini. Ijumaa safi. Jumamosi safi.

Dada, karatasi ilifika hapa Alhamisi. Jumamosi ilikuwa haijazaliwa.

Nikafungua za nyuma. Zote ni hivyo, miaka miwili, wino mmoja kutoka juu mpaka chini. Nikakaa nikafikiria, na nikaelewa. Gari lenu linakuja Alhamisi, na hapa wanataka ukurasa uliojaa. Ungefanya nini? Jumatatu unajaza safi, safi, safi, unarudisha kalamu, na kila wiki hewa inakutii. Mpaka wiki ile.

Ningempelekea Bwana Muchiri hapo hapo. Nilifika mlangoni kwake na karatasi mkononi. Nikairudisha, na si kwa huruma tu. Na mimi nina langu.

Uliniuliza kama nilikuwa kwa kiti. Jumatano saa tano nilitoka dakika kumi. Jirani anayenishikia Wamboi alimleta nyuma ya stoo, alikuwa amekataa uji, na maziwa yalikuwa yamelowesha blauzi yangu mpaka kiunoni. Nilikaa juu ya gunia nikamnyonyesha. Redio niliiacha imefunguliwa mpaka mwisho na sikusikia kitu ila mchakacho. Lakini kwa kitabu sikuandika kwamba nimetoka. Nimekuwa nikikuita mwongo kwa kalamu ambayo nayo iliruka dakika kumi.

Hayo nitawaambia wazee Jumanne kwa mdomo wangu. Yako nakuachia uyaseme kwa mdomo wako. Kikao ni saa nne. Ukija, sitafungua hiyo faili kabla hujasema. Usipokuja, nitaiweka mezani. Sitakuwa na furaha, lakini nitaiweka. Nina mtoto.

Mwihaki


Bungoma,
22 Novemba 2003

Mama Wamboi,

Bwana yako amefika. Amekataa chai, amekataa hata kuketi, amesimama mlangoni na kofia mkononi kama askari. Umemwambia asile kwangu? Uliogopa nitamtilia nini? Naandika haraka, anangoja.

Umenishika. Kujaza Jumatatu ni kweli. Niliyemkuta kwa kazi alinifundisha hivyo, ati Alhamisi usipeleke ukurasa wenye mapengo.

Lakini usifikiri nilikaa nikapanga kukuangusha. Nitakuambia kitu ambacho hata Barasa hajui. Sikio langu la kushoto limekufa karibu mwaka sasa. Nasikiliza na la kulia. Jumanne hewa ilipokatika, nilijua ni la kulia nalo limeenda. Jumatano nikasikia mchakacho tu, nikawa natingisha kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji. Viola nilimweka kwa kiti Alhamisi anisikilizie. Akasema hasikii mtu. Nikasema huyu ni mgeni wa kazi, hajui kusikiliza. Jumamosi Barasa akasema redio ni nzima. Basi nikajua ni mimi.

Ningefuta "safi" niandike "sisikii"? Mtu wa redio aandike kwamba hasikii?

Barua yako ya kwanza ilinionyesha kwamba hata wewe hukusikia. Hapo ningesema. Lakini nilikuwa nimeshaandika safi, nikaogopa ni mtego. Nikakurushia nepi.

Kuhusu Jumanne, sijui. Nikisema la kitabu, watauliza kwa nini sikurekebisha, na hapo tunafika kwa sikio. Derrick ananitegemea mimi tu. Unaniambia nije, lakini ni rahisi kwako, wewe una dakika kumi tu za kutubu.

Bwana yako anakohoa mlangoni.

Nanyama


Kitale,
1 Desemba 2003

Mpendwa Mama Derrick,

Sasa nakujua uso. Nilidhani ni mwanamke mkubwa anaingia, na ni wewe, mfupi, na kitambaa cha kijani. Sauti ile yote huwa inatoka wapi? Ulipokaa upande wangu wa kushoto ukanigeuzia sikio la kulia, nilikaribia kulia mbele ya wazee.

Ulipokwisha kuwaambia ulivyojaza ukurasa Jumatatu, uliondoka kuwahi gari, hukuona mwisho. Mzee wa kamati alichukua ukurasa wako akaugeuza geuza. Akauliza, "Huu muhuri wa Alhamisi ni wa nani?" Bwana Muchiri akasema ni wake. "Na hizi nyingine zote za miaka miwili?" Zake pia. "Na hukuwahi kujiuliza Jumamosi imefikaje hapa Alhamisi?" Alikohoa mpaka akaomba maji. Maji aliletewa na mimi.

Barua ya mwalimu ilisomwa yote. Kimeli akasema hata yeye alisikia mchakacho, ila hakuulizwa. Nilitaka kumrushia kiti. Amesema tu alipoulizwa, na wiki chache zilizopita alikuwa shahidi wa mtoto nyuma ya stoo.

Sisi wawili tumepewa barua ya onyo, kila mtu yake, na Bwana Muchiri ya tatu. Yangu imetaja dakika kumi, na ni haki. Nimepewa ruhusa ya kutoka saa tano kunyonyesha, mradi niandike. Chanjo mpya ilikwenda Kacheliba Ijumaa. Niliwaita kila nusu saa mpaka wakachoka nami.

Habari ya sikio hukuitaja kwa wazee. Ulisema ulichanganyikiwa, wakakubali. Na mimi sikuitaja. Lakini sikukusamehe hilo, dada, nimekuahirishia tu. Siku moja itakuwa si upepo wa jua, itakuwa ni kweli wewe hukusikia, na kutakuwa na mtoto wa mtu mwisho wa waya. Viola akae kando yako mpaka uonwe na daktari. Nilimwonea wivu bure. Wewe hujamwambia kwa nini yuko hapo. Mwambie.

Nakupenda, na hewani nakuamini. Kwa kitabu, bado. Usiniulize mpaka lini, sijui.

Gari lenu linakuja Alhamisi. Nitumie haya ambayo bado sijapata:

Shali ya njano ya Wamboi, uliyokwenda nayo kufua alipokutapikia. Usiipige pasi.

Mchoro wa mwalimu Barasa, lakini mkubwa, wa kubandika ukutani juu ya redio, wenye mwanga upande mmoja na upepo upande mwingine, na masaa yameandikwa. Bwana Muchiri awe anauona kila akiingia.

Siku zile tatu za Oktoba, uziandike upya kwa mkono wako kama zilivyokuwa. Pale hukumbuki, andika sikumbuki.

Karatasi ya daktari wa masikio, ya kweli, yenye tarehe ambayo imeshafika.

Na ukurasa wa wiki hii. Wino uishie Alhamisi. Ijumaa na Jumamosi nizione zikiwa tupu.

Nitaangalia.

Mwihaki, Mama Wamboi